Redio kol za bei chee zinafika kilometa ngapi? Inategemea unataka kusema nini

Mi ni fundi simu, kibanda changu kipo Mtwara mjini, na tangu watu waanze kuniona na vile viredio vyeusi kiunoni hakuna swali ninaloulizwa sana kama hili, "fundi, hivyo vidude vinafika wapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa namba. Nasema 5, nasema 10, kutegemea na mood yangu siku hiyo na kama muulizaji kanilipa hela ya kioo au bado. Siku hizi namuuliza kwanza, ukifika huko unataka kusema nini? Mtu anadhani namletea maringo ya kifundi, lakini sio maringo, kuna usiku mmoja mjomba wangu alikaa baharini masaa saba na redio nzima, betri nzima, mawasiliano nayo mazima kabisa, na mi nipo ufukweni namjibu "sawa mjomba" kama mjinga.

Ngoja nianze nyuma kidogo.

Mjomba ni nahodha pale Mikindani, kaka yake mama, na wale wa huku kusini mnajua mjomba ni nani kwenye ukoo, baba anaweza akasema hapana ukabembeleza ila mjomba akisema hapana basi ishaisha hiyo. Ana boti ya fiber na mashine ya hosipawa 15, anatoka na vijana watatu wanne kutegemea na bamvua. Simu anayo, tatizo la simu baharini watu wa mjini hawalielewi, sio mtandao tu. Mkono wenye maji ya chumvi skrini haikuelewi kabisa, unagusa namba ya mke inafungua kamera, na hapo bado haijadondoka. Kwa mwaka mi peke yangu nafungua simu za wavuvi sijui ngapi, ndani kijani kama mwani. Ndo nikamwambia mjomba, hebu tujaribu redio kol, kitu chenye batani moja unabonyeza unaongea unaachia unasikiliza, akaniangalia akasema, "Mjomba, kama ya polisi?" (sisi tunaitana mjomba wote wawili, yeye kwangu mi kwake, ndo kawaida). Nikamwambia kama ya polisi ila ya bei chee.

Pea ya kwanza niliagizia Kariakoo, Baofeng BF-888S, zile ambazo ukiwasha kuna mama anakutangazia chaneli kwa Kichina. Hazina skrini, zina kitufe cha kuzungusha cha chaneli 16, tochi ndogo juu, na betri ya 1500 mAh. Boksi lilisema 10KM kwa herufi kubwa. Na hapo Wachina wamejitahidi kuwa na aibu, Marekani redio za familia zinauzwa na maandishi ya maili 35, ambayo ni zaidi ya kilometa 50, yaani usimame Mikindani uongee na mtu aliye huko karibu na Lindi huku wote mmesimama chini ya mnazi. Haipo hiyo.

Sio kwamba wanadanganya sana, ila wanakuuzia kilima bila kukwambia. Hizi redio zinatumia masafa (frequency) ambayo yanaenda mbele moja kwa moja karibu sawa na macho yako yanavyoona, na dunia ni duara, kwa hiyo kuna mahali inajikunja na wimbi linapita juu kwa juu linaenda zake angani. Hesabu yake hata darasa la saba anaipiga, chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilometa. Mjomba kakaa kwenye boti antena ipo kama mita 1 juu ya maji, hapo kilometa 4 na kidogo. Mi nimesimama mchangani redio mdomoni, mita 1 na nusu, kilometa 5. Jumlisha, 9. Hiyo ni dari, sio ahadi, ukiwa na bahati na bahari nyeupe haina kitu katikati. Sasa mi huyo huyo na redio hiyo hiyo nipande kile kilima cha nyuma ya Boma pale Mikindani, tuseme nimepata mita 50, ghafla upande wangu peke yake una kilometa 29. Sijaongeza hata shilingi. Nimeongeza jasho tu.

Wati watu wanazipenda kwa sababu zinaandikika. "Hii ni ya wati 5 fundi." Ee, sawa, lakini hata pale ambapo hakuna kizuizi chochote, ili umbali uwe mara mbili unahitaji nguvu mara 4, na chini chini huku karibu na ardhi au maji ni mbaya zaidi, inaweza kukutaka hata mara 16. Kwa hiyo ukitoka wati 1 kwenda 5 unachopata ni betri kuisha mapema na kilometa kidogo. Simu yako nayo ni redio, na haina hata nguvu ya hizi, ila mwenzake kakaa juu ya mnara ndo maana unajiona mjanja. Vita kuu ya pili wanajeshi wa Marekani walikuwa wanabeba redio ya SCR-300 mgongoni, zaidi ya kilo 14, na ilikuwa inahesabika kufika maili 3 hivi, na walioishika waliona miujiza. Sisi tuna ya robo kilo tunalalamika.

Basi tukajaribu ufukweni, ndani ya ghuba ya Mikindani kote safi kabisa. Ghuba ile imejifunga kama sufuria, maji yamelala, redio inasikika kama mtu yupo chumba cha pili. Mjomba akafurahi, zaidi alifurahia tochi. Akatoka nje ya mlango wa ghuba, kilometa 5 bado, 6 bado ila na mchanga mchanga kwenye sauti, akikata kona nyuma ya ncha ya nchi kavu anapotea. Nikaandika kwenye daftari, "bahari wazi 6–7, nyuma ya ncha 0." Nikaona nimemaliza kazi.

Sasa huo usiku. Ulikuwa msimu wa kusi, mwezi wa saba, bahari ina hasira ila sio ya kutisha, mjomba alikuwa nje ya ghuba umbali ambao nimeshaupima mwenyewe na kuupa tiki. Saa 11 jioni redio inakoroma, sauti yake, najua ni yeye: "...tuna mafuta, mnanipata?"

Nikamjibu, "Nakupata mjomba, sawa, rudini taratibu."

Akasema tena kitu, upepo, mchanga mchanga, nikasikia "mafuta" vizuri kabisa. Nikajibu "sawa sawa mjomba, tunawasubiri." Nikamwambia binamu Saidi, baba yako anasema wana mafuta wasiwe na presha huko nyumbani, tukaenda kunywa chai. Magharibi ikaingia, isha, hamna boti. Nikimwita naitikiwa na "shhh" tu maana walishasukumwa mpaka nyuma ya ncha. Kina shangazi wakaanza kuja mmoja mmoja pwani wamefunga kanga kifuani hawasemi kitu, na hakuna kelele inayotisha kama ya wanawake wa pwani wasiosema kitu. Boti ya jirani ilikuwa inatayarishwa iende kuwatafuta pale tulipoona kitu cheusi kinaingia mlango wa ghuba hakina sauti ya mashine. Walikuwa wametundika turubai kwenye kasia wakalifanya tanga. Saa 6 usiku.

Mjomba akashuka, akaomba maji, akanywa, akasalimiwa na kila mtu, akaitikia marahaba zake zote bila haraka. Kisha akanigeukia.

"Mjomba, nilikwambia hatuna mafuta."

"Mjomba, mi nilisikia tuna mafuta. Wallahi."

Akatulia kidogo.

"Nani anapiga redio kusema ana mafuta?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Ila lile "ha" liliniuma. Alilisema, vijana wote waliokuwa botini wanaapa alilisema, tena kwa ukali. Na nilichopokea ni sentensi safi ya Kiswahili sanifu isiyo na kasoro, ndo ubaya wake. Ingekuwa imefika imevunjika ningeuliza tena. Imefika nzima, imegeuka maana.

Nikaanza kuichimba kama nachimba simu iliyozima. Sababu ziko kadhaa na karibu zote hazihusiani na umbali. Ya kwanza ni kidole, binadamu anaanza kuongea sekunde ile ile anabonyeza, wazee wengi wanaanza hata kabla, na redio inahitaji kamuda kidogo kuamka upande wa kurusha. Ya pili ni mwenzako anayepokea, hizi redio zina kitu cha kutunza betri, ikikaa kimya mpokeaji analala anaamka analala anaamka kuchungulia kama kuna mtu, kwa hiyo ukiita wakati kalala silabi ya kwanza imemkuta usingizini. Ya tatu ni toni, zile code watu wanaweka ili wasisikie wengine, redio inabidi kwanza iitambue toni ndo ifungue spika, na hiyo ni robo sekunde hivi imekwenda, na signali ikiwa dhaifu inachelewa zaidi. Ukiweka na ile ya kuongea bila kubonyeza, ambayo inaamka kwa sauti yako mwenyewe, basi neno la kwanza lote limeliwa. Jumlisha hapo. Nusu sekunde nzima imepotea mlangoni kabla kilometa hata moja haijahesabiwa.

Kwa Mzungu sio neno kubwa, akipoteza nusu sekunde anapoteza "ee" na "sasa". Sisi lugha yetu imeweka kila kitu mlangoni, nani, lini, ndiyo au hapana, vyote viko mwanzo wa neno. Hatuna, tuna. Hamna, mna. Haina, ina. Haiji ikikatwa inakuwa "iji" hapo angalau unashtuka, lakini hatuna ikikatwa inakuwa tuna na inakaa inakutazama na uso mzuri. Shikamoo ya kwenye redio inafika "kamoo", marahaba inafika "haba", tukacheka wiki nzima ya kwanza kwa hilo, hakuna aliyefikiria kwamba mdudu yule yule anaekula "mara" ndo atakula "ha".

Basi nikabadilisha namna ya kupima. Nikaachana na "halo halo unanipata", maana hiyo haipimi kitu, unajua tayari atakachosema. Nikamwandikia Saidi karatasi ya sentensi 10 zimechanganywa, tuna nyavu, hatuna barafu, mna maji, hamna maji, boti ina kamba, boti haina nanga, na kila safari nazipanga upya, yeye anasoma mara moja tu harudii na mi naandika nilichosikia. Umbali wangu sasa ni pale ninapopata 10 kwa 10. Sio pale ninaposikia sauti. Kusikia sauti ya mjomba bila kujua ana mafuta au hana mi siiti mawasiliano, hiyo ni kumbukumbu tu ya mjomba.

Na matokeo yalinitia aibu. Kilometa 6 zangu za bahari wazi, zile nilizopiga tiki, zilitoa 6 kwa 10. Kilometa 6 na nusu, 5, yaani sawa na kurusha shilingi. Kumi kwa kumi ilikuwa inaishia kama kilometa 3 na kidogo. Nikafungua settings kwa kompyuta na ule waya wake (waya wenyewe una hadithi yake, driver za kopi zinasumbua, tuiache), nikazima kutunza betri, nikaondoa toni, nikamfundisha Saidi bonyeza, vuta pumzi, ndo uongee. Tukarudi siku iliyofuata, redio zile zile, mahali pale pale. Kilometa 6, 10 kwa 10. Sijabadilisha antena, sijaongeza wati.

Kupanda kilimani ndo kukamaliza mchezo, Saidi alienda na boti mpaka ilipokuwa kidoti na tulikuwa tunaelewana zile "ha" zote. Ukisimama pale juu unaona ghuba yote ambayo Livingstone alianzia safari yake ya mwisho kwenda bara mwaka 1866, na barua zake zilikuwa zinachukua miezi na nyingine hazikufika kabisa. Sisi tunagombana kwa silabi.

Sehemu nyingine nilipima kwa ajili ya kiherehere tu. Mjini Mtwara kati ya majengo, mtu mmoja mitaa ya Chikongola mwingine sokoni, huwezi kusema kilometa moja na nusu kwa uhakika, kuta za tofali na mabati zinakunywa kila kitu. Ila kuna ujanja mmoja wa mjini, ikikataa sogea hatua moja pembeni. Kweli kabisa. Mawimbi yanagonga kuta yanarudi yanaumana yenyewe kwa yenyewe, kuna vishimo vya ukimya vilivyoachana kama rula ya shule, sentimeta 30 na kitu, unaweza kuwa umesimama ndani ya kishimo huku pembeni yako ni poa.

Kwenye mikorosho ndo msiba. Nilienda Tandahimba kwenye shamba la rafiki wakati wa kuokota, alitaka msimamizi aongee na vijana wa upande wa pili badala ya kutuma mtoto kwa miguu. Mkorosho sio mnazi, mnazi umesimama peke yake una heshima, mkorosho unafungua mikono mpaka chini, majani manene yana maji ndani na maji yanameza masafa haya ya juu bila huruma. BF-888S zilifika mita 700 kwa 10 kwa 10, na asubuhi umande ukiwepo pungufu ya hapo. Hapo nikaleta pea ya pili, Baofeng UV-5R, hii ina skrini na ina masafa mawili, ya juu ya 400 na kitu na ya chini ya 136 mpaka 174 megahezi, na haya ya chini yanapenya majani vizuri zaidi. Ila usishangae ukiona tofauti ndogo, maana ile antena fupi inayokuja nayo kwenye masafa ya chini inajikongoja, robo ya wimbi pale ni kama nusu mita na yenyewe ni kidole tu. Nikafunga antena ndefu ya sentimeta 39 hivi, ile inayoyumba kama fimbo ya mchungaji, tukapita kilometa moja ndani ya mikorosho. Rafiki yangu akanunua. Mtoto wa kutumwa akakosa ajira.

Halafu Newala. Jamani Newala. Mji umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, unasimama pale Shimo la Mungu unaangalia chini bonde lote la Ruvuma na Msumbiji ile kule inaonekana ya bluu bluu. Nikabaki juu na UV-5R na antena yake fupi ya kiwandani, dereva boda akashuka na nyingine na karatasi ya sentensi 10. Kila baada ya muda anasimama anasoma. Mita yake ilipofika kilometa 20 na kitu toka aondoke akaniambia anaona miti ya mto, na nilikuwa napata 10 kwa 10 kwa nguvu ndogo, ile ya wati 1. Wati 1! Nikacheka peke yangu kama chizi, wazee waliokuwa pale wakasogea pembeni kidogo. Redio ile ile ya shamba la Tandahimba. Kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni anaapa yake inafika 30 usimbishie na ukiona mwingine anaapa yake haifiki hata 1 usimbishie pia, waulize wote wawili walikuwa wamesimama wapi.

Mambo madogo madogo ya huku pwani. Sehemu za kuchajia za chini ya betri zile chuma zinaota kutu ya kijani ndani ya mwezi, futa kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, mi napaka na vaselini kidogo kwenye maungio ya antena kwa nje. Haiingii majini hata boksi likisema nini, mjomba anaifunga ndani ya mfuko mzito wa nailoni na mpira wa baiskeli, sauti inakuwa ya puani lakini inaishi. Ishike mdomoni ukiongea, antena imesimama wima, usiongee ikiwa kiunoni, mwili wako ni ndoo ya maji na unaikinga. Na ukisikia mtu anafifia, kwenye 888S kuna kitufe cha pembeni ukikibonyeza kinafungua spika yote na ile kelele ya shhh, ndani ya kelele hiyo mara nyingi bado kuna mtu anaongea ambaye redio ilikuwa imeamua kwa niaba yako kwamba hayupo.

La sheria nalo. Masafa ya nchi hii yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwa sheria ya mwaka 2010 kurusha bila leseni ni kosa, haijalishi redio iliuzwa wazi dukani. Zile chaneli 16 zinazokuja zimejazwa kiwandani sio zako, hakuna aliyekupa. Na usiguse kabisa masafa ya baharini hasa chaneli 16 ya meli, 156.8 megahezi, ile watu wanaitia msaada, UV-5R inaweza kufika pale kiufundi na ndo hatari yenyewe. Sisi tulianza kienyeji nakiri, tukafuata utaratibu baadaye baada ya Saidi kujikuta anagombana na mlinzi wa ghala fulani la korosho hewani, kila mmoja anamwambia mwenzie atoke kwenye chaneli yake. Maana ndo hivyo, kila aliyenunua boksi lile lile ana chaneli zile zile. Na zile toni msidhani zinaficha kitu, zinakufanya wewe usisikie wengine, wengine wanakusikia vizuri tu.

Mjomba baada ya usiku ule alijitungia dawa yake, hakungoja settings zangu. Kwanza, hasemi tena hatuna. Anasema mafuta yamekwisha, maji yamekwisha, barafu imekwisha, ikate mwanzo utakavyo, "mekwisha" bado ni msiba. Pili, kila akibonyeza anaanza na Bismillahi. Redio inakula "bisi", tunasikia "...millahi, tupo nje ya ghuba," na neno la maana linapita salama nyuma yake. Shangazi alisema sio vizuri kumkatia Mungu jina, mjomba akasema Mungu anasikia kabla sijabonyeza.

Wiki iliyopita nilikuwa kilimani na daftari, boti iko mbali, tunafanya ile test yetu lakini safari hii mjomba mwenyewe ndo anasoma, sentensi 10. Nikaandika zote, halafu akaongeza ya 11 ambayo haikuwepo kwenye karatasi. "...millahi, hatuna samaki leo. Hatuna kabisa." Ha yote mawili niliyasikia, safi kama maji ya kisima, zaidi ya kilometa 12. Nikamwambia pole mjomba. Nikashuka.

Boti ilipoingia ilikuwa imelala ubavu kwa samaki, kolekole watupu. Nikafungua daftari nikamwonyesha, mjomba, tisa ziko sawa na ya 10 iko sawa, ila hii ya mwisho nimekosa, niliandika hatuna.

Akaangalia kule juu ufukweni, ambako wachuuzi walikuwa wawili tu badala ya umati wa kila siku, na mmoja kati yao ana 888S imening'inia shingoni, ile ile ya boksi lile lile.

"Hujakosa," akasema. "Shika kapu."